Uji wa Tuta la Mvivu

Kijijini, njia ya Akuressa
17 Mei 1976

Mdogo wangu wa kike Misinona, mwalimu mstaafu, msahihishaji wa barua za watu,

Salamu zikufikie huko Kandy kwenye ukungu. Sisi huku tu wazima. Mke wangu Asilin ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Binti yetu Somawathi amejifungua mtoto wa pili wa kiume, ana kichwa kikubwa kama chako, kwa hiyo tunatarajia mwalimu. Mtawa wetu wa hekaluni amenenepa tena. Siku ya mwezi mpevu, sikukuu yetu ya Vesak, alipumzika mara nne kwenye ngazi, na alipofika juu akatufundisha kwamba tamaa ndiyo chanzo cha mateso. Nikamuuliza, "Hata tamaa ya mchuzi wa fenesi, mheshimiwa?" Asilin amenifinya mpaka leo pana alama.

Utaona mwandiko umelala kama mpunga uliopigwa na upepo. Usihangaike. Nimeamua kuandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefanya kazi miaka sabini na moja, huku wa kushoto umekaa tu kama mgeni anayengoja chai. Nimeona sasa ni zamu yake.

Jambo lenyewe ni dogo. Yule nyati wetu wa jembe tukiwa watoto, aliyevunjika pembe, aliitwa nani? Tunabishana na Asilin. Na yule mwalimu mwenye fimbo ya mkwaju? Na ile bustani iliyo juu kidogo ya kisima chetu, tunaiitaje? Nijibu haraka, maana huyu mwanamke akinishinda hapa ndani hapatakalika.

Kaka yako mwenye meno matatu,
Suwaris


Kandy
24 Mei 1976

Kaka Suwaris,

Shikamoo. Nakuinamia hadi miguuni, kwa karatasi, kwa sababu magoti yangu siku hizi yanakubali kwa karatasi tu. Mwanangu Upali na mkewe ni wazima. Mvua hainyamazi, nguo zinakauka kwa moshi wa jikoni, na sote tunanuka kama samaki wa kukausha. Mpe Somawathi pongezi zangu. Kichwa kikubwa ni heshima.

Sasa, kaka. Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka thelathini na minane. Mtoto akiniletea mwandiko uliobadilika, sikumuuliza kuhusu kalamu. Nilimuuliza nyumbani kuna nini.

Nyati aliitwa Kalua, na jina ulimpa wewe. Ulikuwa ukilala mgongoni mwake mpaka baba akaja na fimbo. Mwalimu ni Don Kornelis. Na hiyo bustani iliyo juu ya kisima ni Mishelishelini. Ndipo ulipojenga nyumba yako. Unaishi hapo, kaka, na barua zangu zote zinaandikwa jina hilo kwenye bahasha.

Niambie ukweli. Na wakati unatafuta ujasiri wa kuniambia, unywe uji wa gotukola kila asubuhi. Majani yapo palepale, jaruba la chini, kwenye lile tuta lako lenye magugu ambalo watu wanaliita tuta la mvivu. Mama alikuwa akisema jani lile lina mikunjo kama ubongo, na kwamba linaipeleka damu kuamsha mahali palipolala. Mimi ni shahidi wake. Kila nilichokijua maishani nilikinywa kwanza kwenye bakuli lako nyuma ya ghala. Ulijinyima uji, ukaniachia na shule, na mimi sijawahi kukaa chini nikakushukuru kama inavyostahili.

Nakungoja.

Misinona


Mishelishelini (unaona, nimeandika)
9 Agosti 1976

Misinona,

Hali zetu ni njema, na mvua imetuachia. Mjukuu mpya ananing'ang'ania kidole cha mkono wa kulia, na mimi namwacha kwa sababu mkono wenyewe hauna pa kwenda.

Nimechelewa kujibu. Ningeweza kusema mtu wa posta aliumwa na mbwa, na kweli aliumwa, ila ilikuwa mwaka juzi.

Siku ya tatu baada ya mwaka mpya wetu wa Aprili nilikuwa barazani natafuna tambuu. Asilin akasema, "We mzee, mbona unajidondoshea mate mekundu kwenye shati jipya?" Nikataka kumjibu kwamba shati ni langu na mate ni yangu. Maneno yakatoka yamerojeka. Mdomo ulikuwa umehamia upande wa sikio. Mkono wa kulia ukaning'inia kama kikoi kibichi kwenye kamba. Kiharusi, wakasema. Nimelala hospitali siku tisa. Daktari kijana, ndevu hazijaamua, akaniambia, "Mzee, nitajie majina ya wanao." Nikamtajia matatu. Moja lilikuwa la mbwa wetu. Daktari akacheka, mimi nikacheka. Asilin hakucheka.

Siogopi. Naandika tu kwamba siogopi ili ujue.

Barua yako aliipokea Asilin, akaisoma yote, na asubuhi yake nikakuta bakuli la kijani mbele yangu.

"Nini hiki?"

"Amri ya mwalimu."

"Mimi si mwanafunzi wake."

"Ndiyo maana hujui hata jina la bustani yako. Kunywa."

Akamwita na Arnolis, tabibu wetu wa mitishamba, aje kumsimamia mpishi. Arnolis kasema jani liwe dogo, la kwenye tuta, litwangwe bichi, likamuliwe, na maji yake yamiminwe mwishoni kabisa, wali na tui vikishaiva. "Ukiyachemsha sana," kasema, "utapata rangi ya kinyesi cha nyati, na faida yake ni ileile." Nikamwambia vidonge vya hospitali vinanichosha, naona nivitupe nibaki na jani lake. Akaruka kama kakanyaga kaa. "Suwaris, usinitafutie kesi. Meza vidonge vyako. Ukifa watasema jani langu ndilo limekuua." Kwa hiyo nameza vyote viwili, cha mzungu na cha mama.

Lakini kuna jambo lazima nilinyooshe, kwa sababu limekuwa likinikera tangu ulipoanza kulihubiri kwenye shule zako. Mimi sikujinyima. Nauchukia uji huo. Niliuchukia tangu mwaka 1915, na leo nauchukia kwa uzoefu. Mama aliupika kwa ajili yangu kwa kuwa nilikuwa mwana wa kiume na nilikuwa mjinga, akaona ujinga wangu unahitaji dawa. Wewe ulikuwa umekaa nyuma ya ghala, basi nikakusukumia bakuli kwa mguu kama mtu anavyomsukumia paka. Pale angekaa mbuzi, ningempa mbuzi, na leo mkoa huu ungekuwa na mbuzi mwalimu mkuu. Shule niliiacha kwa sababu ya fimbo ya Don Kornelis. Hakuna zaidi.

Basi usinishukuru. Unamvisha shada mtu asiye bwana harusi.

Suwaris


Kandy
23 Agosti 1976

Kaka,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya kwanza nimesimama, mara mbili nimekaa. Upali aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kaka yangu ananitukana, kwa hiyo anapona.

Namshukuru Asilin. Mwambie hivyo, hata kama atalisema kila siku mpaka mwakani. Mshukuru na Arnolis. Vidonge usiache hata kimoja. Uji haujagombana na kidonge, ni wewe unayetaka ugomvi.

Sasa kuhusu ungamo lako. Ulidhani sikujua? Mtoto wa miaka mitano nyuma ya ghala anaona vizuri kuliko wakubwa barazani. Nilikuona umejibana pua. Nakubali kabisa kwamba uji uliuchukia.

Lakini uji haukuwa unakuja peke yake. Pembeni mama aliweka sukari guru ya kunywea, kitonge kilichogandishwa ndani ya kifuu. Hiyo hukuichukia. Uliipenda kuliko ulivyompenda baba. Ulichapwa mara mbili kwa kuiba iliyopelekwa hekaluni. Na kila asubuhi, kaka, bakuli lilipokuja nyuma ya ghala, ndani ya bakuli palikuwa na sukari guru iliyokatwa kwa meno. Nusu. Na sikuzote ilikuwa nusu kubwa.

Mtu anayetupa asichokipenda hatoi pamoja nacho kile anachokipenda. Mbuzi usingempa. Nijibu hilo.

Misinona


Mishelishelini
17 Oktoba 1976

Mdogo wangu,

Salamu. Asilin amekariri shukrani zako na anazisoma kila asubuhi kama sala. Mtawa amepata jino la dhahabu, sasa anatabasamu hata kwenye mazishi. Mjukuu ameanza kukaa.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia barua ya majivuno. Hadi mwezi uliopita nilikuwa nimefika mbali. Vidole viwili vya kulia vilikuwa vinashika mchi, nikawa natwanga majani yangu mwenyewe. Majina yalikuwa yanarudi mojamoja kama kuku jioni. Nilimtaja binti yetu kwa jina lake, akalia, nikamwambia kama jina lenyewe baya hivyo tumbadilishie. Tuyaache hayo.

Unajua desturi yetu kabla ya jembe la kwanza la msimu mkubwa. Matuta yote yanaparuliwa mpaka yawe mekundu, kisha yanakandikwa tope jipya ili kaa wasitoboe maji yakapotea. Mwenye tuta lenye nyasi anachekwa mpaka mavuno. Mwaka huu mimi siwezi. Mkwe wangu Piyatilaka, mume wa Somawathi, kijana asiye na kasoro, jambo linalonisumbua, kaja bila kuitwa, kafanya kazi ya watu watatu kwa siku nne. Siku ya nne kaja anaosha miguu kisimani huku kafurahi.

"Baba, nimeyamaliza yote. Na lile tuta la mvivu nalo nimelinyoa. Aibu yako nimekuondolea."

Nikageuka nikatazama upande wa jaruba la chini. Kijana kasimama mbele yangu, mgongo umemchubuka kwa jua, kwa ajili yangu. Nikamwambia, "Asante, mwanangu. Limependeza."

Asilin ndiye aliyemwambia baadaye kwamba hapo ndipo palipoota majani ya uji wangu. Kijana kakimbia shambani kutafuta mashina, lakini nyati walikuwa wameshayakanyaga topeni na maji yameshafunguliwa. Matuta ya majirani ndiyo usiseme, yamepigwa dawa ya magugu mwaka wa tatu sasa, hayaoti hata aibu. Asilin akanunua sokoni yale majani mapana ya bustani. Arnolis kaonja, katema. "Haya ya kachumbari," kasema. "Jani la dawa huteseka kidogo." Wiki ya pili sasa sina uji. Jana nilisimama kisimani na ndoo, nikasahau nimekuja kuchota au kuoga. Nikaoga.

Nimeona ajabu, kuusikitikia uji ninaouchukia.

Watu wanasema tuta lile ni uvivu. Ni uvivu kweli. Mtu akiwa mvivu lazima achague mahali, mimi nilichagua hapo, miaka arobaini na minane. Mama alisema huenda ukarudi likizo ukautaka uji. Basi.

Suwaris

Kuhusu sukari guru, karatasi imeisha.


Kandy
5 Novemba 1976

Kaka yangu,

Shikamoo, na mara hii magoti nimeyapiga kweli, Upali ndiye aliyeniinua.

Nimehesabu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, usisahau na hilo. Miaka arobaini na minane nyuma ni mwaka niliokwenda chuo cha ualimu.

Usimlaumu Piyatilaka hata kwa jicho. Mtu aliyeitoa aibu yako kwa mgongo wake ni mtu wa kumshika.

Sikiliza jambo ambalo hata mama sikumwambia. Asubuhi ile ya kuondoka nilishuka jaruba la chini wakati ninyi mnafunga sanduku langu. Nikachomoa vikonyo vinne kwenye tuta lile, nikavifunga kwa ganda bichi la mgomba, nikaviweka chini ya sari yangu nyeupe. Niliogopa kwamba bila uji huo nitakuwa mjinga tena na watanirudisha. Nikavipanda kwenye kopo la biskuti dirishani bwenini. Nimehama navyo shule tano. Nimeolewa navyo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nina mtoto mmoja na kopo moja. Leo vimo kwenye beseni bovu nyuma ya jiko la Upali, vimetambaa mpaka kwenye mfereji, na kila asubuhi hadi leo nakunywa uji wake.

Ni vilevile, kaka. Ni wajukuu wa tuta lako. Nimekugawia nusu, na mizizi na tope lake, ndani ya ganda la mgomba kama nilivyovibeba. Kondakta wa basi la kwenda Matara alikuwa mwanafunzi wangu. Alipata sifuri nyingi kwangu na bado ananiogopa. Atakifikisha kifurushi.

Vipandwe siku hiyohiyo, mahali penye maji yasiyosimama. Wiki sita usichume. Wiki sita unaweza kuvumilia, umevumilia mengi kwa ajili yangu na kuyaita uvivu.

Asante, kaka. Nimeliandika, na huwezi kunirudishia kwa posta.

Na karatasi ziko hapa mbili nimekutilia ndani ya bahasha, tupu, kwa ajili ya ile sukari guru.

Misinona


Mishelishelini
20 Januari 1977

Mwalimu Misinona,

Utazame mwandiko. Uutazame vizuri, uvae na miwani. Ni mkono wa kulia. Kila mstari unanichukua muda wa kulima jaruba, na herufi bado zinachechemea, lakini zinatembea zenyewe.

Sote wazima. Mpunga umebeba, mwezi ujao tunavuna. Mjukuu anatambaa, juzi kampita mtawa.

Kifurushi kilifika siku ileile. Kondakta wako alikipakata njia nzima, abiria wawili wakasimama. Kanikabidhi kwa mikono miwili. "Mzee, mwalimu kasema yakinyauka nitarudia darasa la tano." Ana mvi, huyo mtu.

Piyatilaka hakuniacha niguse. Kavipanda mwenyewe palepale, kwenye tuta la mvivu, kimoja kimoja, kwa vidole, kama mtu anayemlaza mtoto. Majirani wakapita wakamcheka. "Na wewe mkwe umeambukizwa uvivu?" Kajibu bila kuinua kichwa, "Nimerithi." Nilikuwa nimekaa ukingoni, miguu majini, nikajifanya napiga chafya. Sasa ameweka na uzio wa vijiti na ananikataza mimi nisikanyage.

Vimeshika. Vimetambaa urefu wa mkono mzima. Nimechuma tangu Krismasi ya hao jirani zetu wakatoliki. Uji ni mbaya kama zamani. Nanywa bakuli zima, najibana pua, namaliza. Arnolis anasema mkono umerudishwa na jani. Daktari wa ndevu anasema ni vidonge. Asilin anasema ni yeye. Nimewashukuru wote watatu, kila mmoja kwa faragha.

Na wewe nakushukuru. Asante, Misinona. Neno hilo nimeliandika mara tatu kwenye karatasi mbovu kwanza, lisije likatoka limepinda. Ulibeba tuta langu chini ya sari miaka yote hiyo, nami nilidhani limebaki kwangu.

Sasa swali lako. Karatasi ulizonipa ni mbili, kwa hiyo siwezi kukimbia. Nimekaa barazani siku nzima nikafikiri. Nakumbuka Kalua na upande wa pembe iliyovunjika, kushoto. Nakumbuka Don Kornelis alikuwa anachapa akihesabu, na kwamba hakuwa anajua kuhesabu. Nakumbuka majina ya wanangu wote, na la mbwa liko peke yake. Nakumbuka asubuhi uliyoondoka: utepe wako ulikuwa wa buluu, ulirudi kutoka jaruba la chini na tope kwenye pindo la sari, na mimi niliuona ule uvimbe wa ganda la mgomba, nikamshika mama kwa maneno asigeuke.

Lakini hilo la sukari guru nimelisahau. Ugonjwa ndio umelichukua. Arnolis anasema kuna mambo hayarudi tena hata ukinywa mtungi.

Nimempa kondakta kifurushi kidogo akuletee. Ni kitonge cha kifuu kimoja, cha sukari guru iliyopikwa kwa utomvu wa mkitulu wetu wa nyuma ya ghala. Ukikikuta kimekatwa upande, ni panya wa kwenye basi. Panya mwenye meno matatu.

Nusu kubwa ndiyo yako.

Suwaris